Kura ya Kutupa

Siku Velten Ahalt alipochaguliwa kuwa mjumbe wa kura ya rais, mmoja wa watu wachache wanaomchagua rais kwa niaba ya jimbo, yeye mwenyewe alimpigia kura mpinzani wake. Ndivyo waungwana walivyofanya Maryland, Marekani, enzi hizo. Unasimama mbele ya sherifu pale mahakamani, watu wamejaa mpaka madirishani, unataja kwa sauti jina la unayemtaka, na kama wewe ni mgombea unamtaja mwenzako, usije ukaonekana mlafi. Mpinzani wake, tajiri mmoja wa mashamba ya tumbaku, aliijua vizuri desturi hiyo, ila siku ile alishikwa na mafua ghafla akabaki nyumbani. Kwa hiyo Velten alitoa kura yake bila kurudishiwa, kisha akasimama hadi jioni akimshukuru kila aliyemtaja yeye, na kwa kuwa alikuwa Velten, akawashukuru pia waliomtaja yule mwingine.

Mkewe, Ottilia, alikuwa amekaa kwenye gari la farasi huko nje, maana wanawake hawakuwa na la kusema mle ndani. Habari zilimfikia kupitia dirisha.

"Umempigia kura yule?" alimuuliza walipokuwa njiani kurudi nyumbani.

"Ni adabu tu, Ottilia."

"Na kama angeshinda kwa kura moja?"

"Lakini hakushinda."

"Sikukuuliza kama alishinda."

Velten alikuwa fundi wa kulainisha ngozi, kazi inayonuka kiasi kwamba majirani walimpenda zaidi upepo ukivuma kuelekea upande mwingine. Lakini walimpenda kweli. Hakuwa na adui hata mmoja katika bonde lao lote, na ndiyo sababu chama kilimsimamisha. Ukimwambia mvua itanyesha, anasema ndiyo, dalili zipo. Akija mwingine akasema hakuna mvua hapa, anasema nawe pia una hoja. Kwa wateja hiyo ni tabia nzuri. Kwa mke ni kama kuolewa na ukuta mpole. Ottilia alimpenda mumewe, lakini mambo yote mazito aliyaamua peke yake, toka bei ya ngozi hadi jina la mtoto, na Velten aliliona hilo na lilimuuma. Alikubali kugombea kwa sababu moja ambayo hakumwambia mtu yeyote: alitaka mkewe amwone, japo mara moja, akifanya jambo zito kwa mkono wake mwenyewe.

Wiki iliyofuata Daktari Amos Twyford, aliyekuwa akiendesha mambo ya chama katika wilaya, alifika kiwandani akiwa amebana pua kwa kitambaa.

"Sikiliza, Bwana Ahalt. Ukifika Annapolis, kila mjumbe ataandika majina mawili. Nchi nzima watafanya hivyo siku hiyo hiyo. Mwenye kura nyingi kuliko wote anakuwa rais, anayemfuata anakuwa makamu. Sisi tunamtaka mtu wa Virginia awe rais na mtu wa New York awe makamu wake. Umenielewa?"

"Ndiyo."

"Sasa wajumbe wetu wote wakiandika majina hayo mawili, itakuwaje?"

"Tutashinda."

"Watalingana, bwana wee. Karatasi haisemi nani rais nani makamu. Ni majina mawili tu, basi."

Velten alilitafakari jambo hilo huku akikung'uta ngozi ya ndama. "Sheria hii ilitungwa na nani?"

"Na watu wenye akili nyingi sana," daktari alisema kwa huzuni. "Hawakudhani kama tutakuja kuwa na vyama. Walidhani kila mmoja atakaa kimya aangalie nani anafaa." Akasogea karibu, akajuta, akarudi nyuma. "Dawa yake ni moja. Mjumbe mmoja lazima aitupe kura yake ya pili. Anamwandika mtu wa Virginia, halafu mahali pa mtu wa New York anaandika mtu mwingine yeyote. Na mimi nimekuchagua wewe."

"Niandike nani?"

"Yeyote asiye na madhara. Hata wa hapa hapa bondeni anaruhusiwa, kwa vile sheria inadai mmoja tu kati ya wawili atoke nje ya jimbo, na wa kwanza ni wa Virginia. Mtu ambaye hakuna hatari hata kidogo ya yeye kuwa rais."

"Kama nani, kwa mfano?"

"Nimekuja kwako kwa sababu naamini unawajua wengi wa namna hiyo," alisema daktari. "Lakini usiseme kwa mtu. Na usisahau. Siwezi kuwategemea watu wa majimbo mengine, barua zinachelewa, na nyingine zinafunguliwa njiani. Usipoitupa wewe, tumekwisha."

Velten aliahidi. Alijisikia mtu mkubwa, na alikuwa na haki ya kujisikia hivyo kwa muda wa dakika chache. Daktari alipopanda farasi wake, ngozi kubwa ya ng'ombe iliyotundikwa ukutani ikasogea, na Balzer akatokea nyuma yake. Balzer alikuwa kaka yake Ottilia, kapteni wa mgambo wa bonde, jeshi lililofanya mazoezi kwa mabua ya mahindi kwa sababu bunduki hazikutosha. Alikuwa amekuja kuchagua ngozi ya mkanda.

"Shemeji," alisema, "nimesikia una kura ambayo huihitaji."

"Balzer, hilo ni siri."

"Basi na mimi nalinda siri. Niandike mimi. Magazeti yatachapa matokeo, na jina langu litakuwemo. Wajukuu zangu watasema babu yetu alipata kura ya urais wa Marekani."

"Lakini utakuwa umeipata kwa sababu huna madhara."

"Gazeti halitaandika hilo," alisema Balzer. "Shemeji, mimi sijawahi kukuomba kitu."

Hilo halikuwa kweli, lakini Velten alisema ndiyo.

Balzer alilinda siri mpaka Jumamosi. Jumapili Mchungaji Schaub alihubiri juu ya unyenyekevu, mahubiri mazuri, marefu, na ibada ilipokwisha akamshika Velten mkono mlangoni na kumpeleka pembeni, penye makaburi. "Mimi binafsi sitafuti sifa, wewe unanijua," alisema. "Nalifikiria kanisa. Walutheri wa bonde hili hawajawahi kupata kura hata moja ya urais. Kwa jinsi Balzer alivyonieleza, kura yenyewe inakwenda kutupwa tu. Ni dhambi kutupa kitu kizima." Velten aliangalia chini, akaona jiwe la kaburi la mchungaji aliyetangulia, akasema ndiyo.

Hans Loy, mwenye kilabu, hakuzunguka. "Siku ile ya kupiga kura, waliokuja kulitaja jina lako walikunywa wapi?" aliuliza. "Wiski ya nani? Mimi nilikudai? Sikukudai. Mchungaji hana kazi ya kufanya na urais, na shemeji yako hajui hata kupanga watu mstari. Ukiniandika mimi, nitaibandika ile karatasi ya gazeti juu ya meko, na wewe utakunywa bure mpaka kufa kwako." Naye Velten akamwambia ndiyo, na safari hii alisema kwa sauti ndogo sana, akitumaini labda haitahesabiwa.

Ottilia hakuwa kipofu. Kwanza nyumbani lilifika paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, kutoka kwa kaka yake ambaye hata mfupa hakuwahi kuwapa. Halafu mchungaji akamwombea mumewe kwa jina, mbele ya kanisa zima. Halafu Loy, ambaye siku zote alimweka Velten karibu na mlango kwa sababu ya ile harufu, akampa kiti cha mbele ya moto.

"Velten, kuna nini?"

Akamweleza yote. Ottilia alikuwa akikata kabichi ya kuchachusha, na kisu hakikusimama.

"Umewaahidi wote watatu?"

"Kila mmoja alikuja peke yake. Laiti wangekuja pamoja ningejua la kusema."

Alitegemea kukaripiwa. Alikuwa amejiandaa. Lakini Ottilia alisema tu, "Haya," akachukua kabichi nyingine. Velten akaenda kulala huku moyo umemwia mzito, kwani mtu hamkaripii asiyemtegemea.

Annapolis, makao makuu ya jimbo, ilikuwa na baridi na chaza wengi. Velten alikula chaza kwa mara ya kwanza maishani, akamwambia mwenye nyumba ya wageni kuwa ni watamu sana, akaletewa sahani nyingine, akala kwa mateso. Asubuhi wajumbe wa jimbo waliketi chumbani, watano wa chama chetu upande huu, watano wa wenzetu upande ule, kila mmoja na karatasi na kalamu yake ya unyoya. Jina la mtu wa Virginia Velten aliliandika kwa mwandiko mzuri. Kisha akabaki anaangalia nafasi iliyo chini yake.

Akimwandika Balzer, mchungaji atahubiri juu ya watu waongo kila Jumapili, na atakuwa anamwangalia yeye. Akimwandika mchungaji, Loy atamrudisha mlangoni, au nje kabisa. Akimwandika Loy, Balzer atakuja kwake kila siku kulalamika, na Balzer akilalamika hula papo hapo. Aliwaza kuandika mtu mwingine kabisa, akagundua kuwa hapo atakuwa amewaudhi wote watatu kwa mpigo mmoja. Wenzake walikwisha kukunja karatasi zao. Mmoja alikohoa.

Hapo likamjia wazo ambalo lilionekana la busara sana. Majimbo ni mengi. Wajumbe ni wengi. Bila shaka huko Georgia, au Kentucky, yupo mtu mwingine aliyeambiwa maneno yale yale na daktari mwingine, na mtu huyo hana shemeji, na sasa hivi anaitupa kura yake bila hata kutokwa jasho. Velten alimwona kabisa huyo mtu, akampenda. Akachovya kalamu na kuandika jina la mtu wa New York, kama wenzake wote.

Aliporudi bondeni, wale watatu walimwuliza kwa macho, naye akawajibu kwamba kura ni siri. Kila mmoja alimkonyeza. Zile zilikuwa siku nzuri kupita zote katika maisha ya Velten Ahalt. Balzer alijinunulia kofia yenye manyoya. Mchungaji alitembea polepole zaidi. Loy alipima mahali pa kubandika gazeti.

Gazeti lilifika, na Loy mwenyewe ndiye aliyelisoma kwa sauti mbele ya wateja, akianza kwa furaha na kumalizia kwa taabu. Mtu wa Virginia, kura sabini na tatu. Mtu wa New York, kura sabini na tatu. Maryland, tano kwa tano. Balzer hakuwemo, Schaub hakuwemo, Loy hakuwemo. Kule Georgia hakuna aliyetupa chochote.

Sheria ilisema wakilingana, Bunge ndilo liamue, kila jimbo kura moja, na Bunge lenyewe limejaa wapinzani wetu waliokuwa wanafurahia kutuona tukihangaika. Februari wakaanza kupiga kura kule Washington. Hakupatikana mtu. Wakarudia, hakupatikana. Wabunge walilala humo humo ukumbini wamejifunika mablanketi, na mmoja aliletwa mgonjwa kwenye machela katikati ya theluji ili asikose kupiga. Wakarudia tena na tena, na matokeo hayakusogea. Watu wakaanza kusema magavana wanakusanya askari. Balzer aliwatoa mgambo wake na mabua yao, wakawa wanapita mbele ya kiwanda cha ngozi, kushoto, kulia, na Velten akiwa ndani, mikono imo kwenye pipa. Nchi ilikuwa inataka kupasuka, na yeye alijua kabisa ni kwa nini.

Daktari Twyford aliitisha mkutano kilabuni kwa Loy. Watu wote wenye haki ya kupiga kura walikuja, na baadhi ya wasio nayo, na Ottilia naye alikuwepo nyuma karibu na mapipa, akisema amefuata siki. Daktari alimshika Velten mkono mlangoni.

"Wanataka kujua kwa nini kura haikutupwa," alinong'ona. "Ukweli utatuua. Nitasema ilikuja barua kutoka juu, kwamba Georgia ndio watakaotupa, na kwamba wewe ulitii. Mimi nitauliza, wewe utasema ndiyo. Hilo tu. Najua neno hilo hulikosei."

Velten akatikisa kichwa kukubali. Shingo yake ilifanya hivyo yenyewe.

"Ndugu zangu," daktari alianza, akiwa amesimama mbele ya moto, "tumesikitika, lakini hapa kwetu hakuna aliyekosea. Bwana Ahalt, si kweli kwamba ulipata maagizo mapya kabla ya kuandika?"

Chumba kizima kilimgeukia. Ilikuwa nafasi nzuri ajabu, mlango umefunguliwa na mtu mwingine, yeye kazi yake ni kupita tu. Velten aliona kofia ya Balzer. Aliona mchungaji amekunja mikono. Halafu akamwona Ottilia, ambaye hakuwa akimwangalia. Alikuwa anaangalia chupa yake ya siki, kama mtu anayelijua jibu tayari na hana haja ya kulisikia.

"Si kweli," alisema Velten.

Daktari alicheka kidogo. "Bwana Ahalt hakunielewa vizuri. Nilisema..."

"Nimekuelewa, daktari. Hakukuwa na barua. Uliniambia niitupe, nami sikuitupa." Akawageukia wote kilabuni. "Niliwaahidi watu watatu kura moja. Nilipofika kule nikaogopa kuwaudhi wawili. Nikasema moyoni, yupo mwingine atakayefanya. Nilikuwa mwoga, basi. Hayo ndiyo maelezo, sina mengine."

Watu walikuwa wanatafuta la kumwambia mtu aliyeiweka nchi katika hali ile, na pengine wangelipata, na lingekuwa kali, kama Balzer hangesimama.

"Watatu?" alisema Balzer. "Hao wawili ni akina nani?"

Mchungaji alianza kuangalia dari, na Loy akaanza kufuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Mchungaji?" alisema Balzer. "Yaani wewe? Mimi nilikusimulia kwa siri."

"Nilifikiria kanisa," mchungaji alisema.

"Kanisa lilitaka kuwa rais?" aliuliza mtu mmoja kutoka nyuma.

"Na Kapteni je, angeongoza nchi kwa mabua?" akauliza mwingine, na hapo kilabu kikalipuka. Walicheka mpaka wakafuta machozi, walimwita Loy Mheshimiwa Rais na kumwagiza aongeze pombe ya matufaha, walimwuliza mchungaji kama anaukubali uteuzi. Daktari aliketi chini, akauficha uso wake viganjani. Kwa nusu saa hakuna aliyekumbuka kumkasirikia Velten.

Baada ya hapo walikumbuka. Wapo waliomwambia maneno mazito, naye aliyasikiliza yote. Loy alikirudisha kiti chake mlangoni. Lakini Bunge lilipompata rais hatimaye, mtu wa Virginia, baada ya kupiga kura mara thelathini na sita, wale watatu walibadilika. Balzer ndiye aliyeanza. Alipiga hesabu akaona kwamba kama jina lake lingeandikwa, mtu wa New York angebaki na kura sabini na mbili na nchi ingelala salama, kwa hiyo nchi nzima ilikuwa imesimama kwa kukosa jina la Balzer. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi, na ilikuwa sahihi vile vile kwa mchungaji na kwa Loy, ambao walichelewa kuigundua kwa siku mbili tu. Na miaka michache baadaye, sheria ilipobadilishwa ili mjumbe amwandike rais peke yake na makamu peke yake, kusiwe tena na haja ya kura ya kutupa, Balzer aliwaambia watu kwamba Katiba imerekebishwa kwa ajili yake. Alifariki akiamini hivyo.

Ila jioni ile ya mkutano hayo yote yalikuwa mbele bado. Velten na Ottilia walirudi nyumbani kwa gari lao kwenye theluji iliyoyeyuka. Velten alishika hatamu. Alijiona mwepesi na mchafu, vyote kwa pamoja.

"Leo umenitia aibu na umenitia fahari," alisema Ottilia. "Sijui nianze na lipi."

"Anza na aibu," alisema Velten. "Tumalizane nayo."

Akaanza nayo. Alianzia kwenye paja la nguruwe, akaenda kwenye chaza, akarudi nyuma hadi jambo la shamba la marehemu mjomba wake ambalo Velten alidhani limesahauliwa, wakavuka daraja la njiani akiwa bado anaendelea, akamwambia kwamba watu sabini na tatu walikuwa na kalamu mkononi siku ile na kila mmoja alimngoja mwenzake, na kwamba hilo lisimpe faraja hata kidogo, kwa sababu hao sabini na wawili wengine hajaolewa nao. Ilikuwa miaka mingi tangu amseme kwa kirefu hivyo. Velten alisikiliza kila neno, na nusu ya njia akagundua kwamba alikuwa na furaha, akauficha uso wake upande wa giza asionekane.

Walifika. Ottilia alishuka, akaanza kumfungua farasi kamba.

"Na lile la pili?" Velten aliuliza.

"Lipi?"

"Ulisema mambo mawili."

Alifungua kamba nyingine, taratibu, ingawa baridi ilikuwa inauma vidole.

"Yule daktari alikuwa amekushika mkono," alisema. "Nilimwona. Nikasema moyoni, haya, kwisha. Nikaangalia chupa yangu." Akamkabidhi hatamu. "Sema tena lile ulilomjibu."

"Si kweli," alisema Velten.

"Si hivyo. Sema kama ulivyosema kule."

Akasimama wima kwenye matope, hatamu mkononi, akasema tena.